Kobe na Pa Kukimbilia

Anayefuga kobe wa maji kwenye tangi la kioo huambiwa mapema sana kwamba mnyama huyo anahitaji kutolewa nje mara kwa mara, apate jua na anyooshe miguu. Ushauri huo ni mzuri, ila una kasoro moja: husimulia habari za kutoka tu, na habari za kurudi huziacha kwa bahati. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kiangazi chake huweza kukaa miezi saba bila mvua ya maana. Katika mji wa namna hiyo bahati haitoshi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba usalama wa kobe aliye nje ya tangi hutegemea jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni hatua ngapi ziko kati yake na mahali anapoweza kukimbilia mwenyewe, bila kusubiri mkono wa mtu. Ukubwa wa uwanja hauna uzito huo, wala idadi ya dakika alizokaa juani. Kivuli kilicho ng'ambo ya ua hakimfai mnyama mwenye miguu mifupi, na maji yaliyomo ndani ya beseni lenye kingo ndefu, kwake ni kama hayapo.

Haja ya jua yenyewe ni ya kweli. Kobe hatengenezi joto mwilini kama afanyavyo mbuzi au mtu. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipo, na kila kazi ya ndani, kuanzia kumeng'enya chakula hadi kupambana na ugonjwa, huenda kwa kasi iliyoruhusiwa na joto hilo. Zaidi ya joto kuna miale ya urujuanimno, hasa ya kundi B, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo ikikosekana, kalsiamu iliyomo kwenye chakula haifiki ipasavyo kwenye mifupa na gamba, na kobe mchanga huanza kulainika gamba, kingo zikapinda, na miguu ikashindwa kubeba mwili. Kusogeza tangi dirishani hakumsaidii, kwa kuwa kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote ya kundi B. Wapo kobe wanaoonekana wakiota jua dirishani kila asubuhi huku mifupa yao ikidhoofu. Mfugaji wa Ulaya kaskazini hununua taa maalumu na kuibadilisha kila inapochoka; mkazi wa mitaa ya Dodoma kama Area C au Nkuhungu anayo miale hiyo bure, tena mikali kuliko ya pwani, kwa sababu huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nusu saa ya asubuhi kabla ya saa nne ni zawadi kubwa kwa kobe. Baada ya hapo zawadi huanza kugeuka.

Na hugeuka haraka kuliko watu wanavyodhani. Kobe wengi wa maji hupendelea mwili wenye joto la kati ya nyuzi 25 na 32 za Selsiasi. Mwili ukikaribia 40 misuli hugoma, na nyuzi chache zaidi humuua. Mtu hutazama hali ya hewa, akaona ni nyuzi 30 tu, akaamua siku ni nzuri. Lakini kipimo cha hali ya hewa huwekwa kivulini, juu ya ardhi, penye upepo, na kobe haishi huko. Yeye anaishi upana wa vidole viwili kutoka chini, tumbo likikaribia kugusa anapotembea na kulala chini kabisa anapopumzika. Saa saba mchana uso wa pevingi, wa simenti, hata wa mchanga mtupu, huweza kupita nyuzi 50. Mnyama mwenye urefu wa sentimita 5 ana mwili mdogo mno wa kulimeza joto hilo polepole. Dakika chache zinatosha kumtoa kwenye raha hadi kwenye hatari. Anayetaka kupima aweke kiganja chini na kukiacha hapo kwa muda wa kuhesabu taratibu hadi 20. Akishindwa, kobe naye atashindwa, tena yeye hana pa kuuinua mkono. Dalili zenyewe haziko mafichoni: anatapatapa kwa miguu yote minne, anafungua kinywa, mate yanatoka na kulowesha shingo. Akifikia hapo apelekwe kivulini na kuwekwa kwenye maji ya vuguvugu. Maji ya friji hapana, kwa sababu mshtuko wa baridi ni ajali ya pili juu ya ya kwanza.

Lipo kosa jingine linalofanywa kwa nia njema kabisa, nalo ni kumtoa kobe pamoja na tangi lake. Linabebwa na watu wawili, linawekwa barazani, kobe abaki kwenye maji yake aliyoyazoea. Kioo hunasa joto na kulifungia ndani. Maji machache ya tangi la kawaida hupanda kutoka nyuzi 26 hadi zisizovumilika wakati wenye nyumba wanakunywa chai, na kobe hana pa kwenda, maana kila pembe ya tangi ina joto lile lile. Beseni la plastiki lina kasoro hiyo hiyo kama limejaa jua lote. Hata kivuli kina ubaya wake: kipande cha bati kilichoinamishwa juu ya beseni huzuia mwanga, kisha chenyewe kikawa jiko linalomulika chini. Mkeka, gunia lililoloweshwa, au matawi yenye majani hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa gharama ndogo. Wagogo, waliojenga tembe kwa udongo mnene ukutani na juu ya paa, walikuwa wameshalimaliza suala hili kwa upande wa binadamu kabla ya bati kufika.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, hata hivyo, uko kwenye vilima vya mawe vinavyoonekana kote nyanda za kati. Katika nyufa za matale hayo anaishi kobe asiye na mfano duniani, ambaye wengi humwita kobe chapati kwa jinsi alivyo bapa. Jina lake la kisayansi ni Malacochersus tornieri. Friedrich Siebenrock alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Mwaka 1920 George Boulenger, bila kutambua kwamba ni yule yule, akampa jina la pili kwa heshima ya Arthur Loveridge aliyekusanya vielelezo Afrika Mashariki. Miaka 2 baadaye Joan Procter wa London akachapisha uchunguzi wa gamba lake, kwa sababu gamba hilo liliwashangaza wote waliolishika. Ni jembamba, lina matundu makubwa kwenye mifupa, na linabonyea. Kobe wengine hujificha ndani ya gamba. Huyu akishtushwa hukimbia, kwa kasi isiyotarajiwa kwa kobe, akaingia kwenye ufa na kujibana humo kwa miguu na kucha hadi asivutike. Watu waliwahi kuamini kwamba hujijaza hewa ili abanwe na mwamba, mpaka Ireland na Gans walipoonyesha mwaka 1972 kwamba kazi yote hufanywa na miguu. Hutoka nje zaidi asubuhi na jioni, akala, akaota jua, akarudi. Muda wake mwingi wa uhai anaumalizia ndani ya mwanya ambamo joto halipandi wala kushuka kama nje.

Mtu anayetafuta kielelezo cha jinsi kobe anavyoishi salama kwenye jua la Dodoma asiende mbali na mwamba huo. Mnyama huyu amejenga mwili mzima juu ya kanuni moja ya kutokwenda mbali na ufa, hata akaachana na silaha ambayo ukoo wake unajulikana kwayo. Kanuni hiyo ikivunjwa anaangamia. Michael Klemens na Don Moll, walioandika mwaka 1995 juu ya biashara ya kobe hawa Tanzania, walionyesha madhara ya wakusanyaji, na moja ya madhara hayo ni mawe kung'olewa na nyufa kupanuliwa ili mnyama apatikane. Kobe huyu hutaga yai moja moja, kwa hiyo idadi hairudi upesi. Lakini hata akiachwa aongezeke, ufa uliovunjwa hauoti upya. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ulimhamishia kwenye Kiambatisho cha Kwanza, daraja linalofunga biashara ya kimataifa ya wanyama waliochukuliwa porini. Huyu si wa kufugwa kabisa, na nimemleta hapa kama shahidi tu.

Shahidi wa pili yuko kwenye malambo ya kunyweshea mifugo. Kobe wa maji wa jenasi Pelomedusa, ambao uchunguzi wa mwaka 2014 uliwagawa katika spishi kadhaa na mojawapo ya hapa Tanzania ikapewa jina la kobe, hutoka majini kwa hiari yao na kutembea nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine. Anayesema kobe wa maji hapaswi kukanyaga ardhi atawakuta hawa wakimkanusha. Lakini angalieni wanatoka lini: hutembea wakati wa mvua, ardhi ikiwa imelowa. Lambo likikauka hujizika kwenye tope na kungoja humo mvua zirudi. Yaani msimu ule ambao mfugaji wa mjini huuona mzuri kwa matembezi, wenye anga safi na udongo mkavu, ndio msimu ambao kobe mwenyeji amekwisha ondoka juu ya ardhi. Upepo wa Agosti na Septemba hukausha ngozi, macho na koo la mnyama wa maji kabla jua halijafanya kazi yake. Hivyo kiangazi matembezi yafupishwe, na maji ya kina kifupi yawe hapo hapo kwenye eneo analotembea, yenye jiwe au ubao wa kupandia na kushukia. Chakula kibaki majini pia. Kobe wengi wa maji hawawezi kumeza vizuri kikavu.

Atatokea wa kupinga, na pingamizi la kwanza lina sura ya akili. Kobe, atasema, wamekuwepo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 200. Kobe-chui anazurura mbugani Manyoni na Kondoa bila mtu wa kumtandikia gunia lenye maji. Tumwache mnyama awe mnyama. Jibu ni kwamba ukoo kudumu hakumaanishi kila mmoja wake hudumu. Kobe-chui anayeonekana akivuka barabara akiwa mkubwa kama karai ndiye aliyebaki kati ya ndugu wengi walioliwa na kunguru, kenge na nyegere, au waliopinduka chali juani wakashindwa kujigeuza. Tena huyo wa mbugani ana vitu ambavyo ua wa nyumba hauna: vichaka, mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine, nyasi ndefu, kivuli cha kila saa ya mchana. Porini pana joto la kila aina ndani ya hatua chache, na kobe huchagua. Ua uliowekwa pevingi kutoka geti hadi jikoni una joto la aina moja. Kumwacha mnyama awe mnyama mahali pasipo na cha kuchagua ni kumnyima kile kile ambacho pingamizi hili linadai kukitetea.

Wa pili atasema ukuta unatosha. Nyumba nyingi za Dodoma mpya, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo baada ya mwaka 2016, zimezungushiwa kuta ndefu, na ndani ya ukuta kobe atapotelea wapi? Kuta nazitetea, tena kwa ushahidi wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Mwaka 1919 kililetewa kobe wakubwa 4 kutoka Shelisheli. Kufikia 1955 walikuwa wamefika 200 hivi, wakiwa huru kisiwani. Wizi ukaanza, kwa ajili ya kuuzwa na kuliwa, na mwaka 1996 walibaki 7. Kilichowaokoa ni boma na ulinzi. Ukuta basi ni jambo jema dhidi ya watu na mbwa wa mtaani. Lakini hauzuii kitu kitokacho juu, na kunguru wa Dodoma hana haja ya geti. Kobe mdogo kwake ni kifurushi cha nyama, na mwewe naye yumo kazini siku nzima. Wavu mwepesi juu ya eneo la kutembelea huhitajika hata kama nyumba ina ukuta wa mita 3. Na ukuta mweupe unaotazama jua hurudisha joto uani, ukafanya mahali palipoonekana salama kuwa tanuri lenye geti. Mbwa wa nyumbani naye asiaminiwe kwa sababu tu amezoea. Kwake gamba ni mfupa unaotembea.

Pingamizi la tatu linatoka sebuleni: kama nje kuna hatari zote hizi, si bora atembee ndani, juu ya marumaru, chini ya macho ya watoto? Hapa sina subira nyingi. Sebuleni hakuna miale ya kundi B, sakafu ni ya baridi na inateleza hadi miguu inapanuka vibaya, na pa kukimbilia penyewe ni chini ya kochi au nyuma ya friji, kwenye vumbi, nywele na nyaya. Watu huona kobe akikwaruza kioo cha tangi wakasema anaomba kutembezwa. Kioo ni ukuta asiouelewa. Anakisukuma kwa sababu anaona mbele na mwili hauendi. Dawa yake ni tangi kubwa zaidi, lenye maji ya kuogelea kwelikweli, jukwaa kavu la kuotea joto, na mahali pa giza pa kujificha. Kisha kuna afya ya watu. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa, na Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua kwa kuwashika na hata kuwatia kinywani. Kumtembeza juu ya sakafu anayotambaa mtoto wa mwaka mmoja ni kueneza kile ambacho tangi lilikuwa limekiweka mahali pamoja. Mikono ioshwe kwa sabuni, na maji ya kobe yasimwagwe kwenye sinki la jikoni.

Limebaki pingamizi lililo zito kuliko yote, na linaigeuza hoja yangu dhidi yangu. Kama kobe anastahili kuchagua, na kama uhai wake ni kutoka na kurudi apendavyo, basi tangi lenyewe ndilo kosa, na kilicho sawa ni kumrudisha bwawani Hombolo. Nusu ya kwanza naikubali bila masharti: wengi wa wanaofugwa hawakupaswa kununuliwa wala kuokotwa. Kobe wa porini wa Tanzania wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, na kumchukua mmoja lamboni kwa sababu watoto wamempenda ni kukamata mnyamapori bila kibali. Mwenye naye awaone maofisa wanyamapori, wao ndio wajuao arudishwe wapi na lini. Nusu ya pili ndiyo siikubali. Kobe wa maji mwenye alama nyekundu nyuma ya macho, mwenyeji wa kusini mwa Marekani ambaye biashara imemsambaza duniani, yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote. Hukua hadi kufikia sentimita 25 na zaidi, huishi miongo kadhaa, hula karibu chochote, na hunyang'anya wenyeji mahali pa kuotea jua. Kumwachia Hombolo ni kuhamisha mzigo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa kobe wa lambo zima, na kuuita uhuru.

Kwa aliye naye tayari, swali linalobaki ni la muda. Mtumishi wa serikali anayewahi ofisini Mtumba asubuhi na kurudi jua likizama hana ile nusu saa ya kabla ya saa nne isipokuwa mwisho wa wiki, na kobe aliyeachiwa uani bila mtu wa kumtazama hayuko matembezini, ametelekezwa. Vipindi viwili kwa wiki, pamoja na chakula chenye kalsiamu na taa nzuri juu ya jukwaa, ni bora kuliko vipindi saba vya kubahatisha. Mwenye nafasi anaweza kwenda mbali zaidi na kumjengea kibwawa cha kudumu, chenye mteremko mpole wa kutokea, sehemu ya kina ambayo maji yake hayachemki, udongo badala ya simenti pembeni, na wavu uliozikwa sentimita 30 kwenda chini, maana kobe huchimba. Hapo pa kukimbilia panakuwapo muda wote na mtu anahitajika kidogo zaidi, ingawa Juni hadi Agosti, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi nyuzi 13 au 14, spishi za joto zirudishwe ndani kabla ya magharibi. Jambo moja husahauliwa na karibu kila anayejenga. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huvuka na kukaa kusini hadi Machi nyingine. Kivuli kilichopangwa Julai, kikiangukia kusini mwa paa, Desemba kitakuwa kimehamia kaskazini na kuacha maji wazi, kwa hiyo paa hilo liwe la miti na makuti yanayobebeka, na lihamishwe mara mbili kwa mwaka.